Madaftari Arobaini na Moja ya Mtu Nisiyemjua

Jumatatu, 4 Machi

Nimechukua fomu ya kugombea umeya! Kurasa mbili. Wa kwanza: historia ya mgombea. Wa pili: vipaumbele vitatu, kila kimoja kwa sentensi moja. Karani wa uchaguzi akasema nirudishe kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Nikamwambia fikra kubwa haziwekewi saa. Akasema basi zipelekwe kwingine, maana ofisi yake inafungwa saa tisa.

Ndio mji tunaoishi huu. Makarani wanawapangia saa wenye akili!

Mpinzani ni mmoja tu: Fundi. Mshonaji wa mtaa wa pili, diwani kama mimi, mwenyekiti wa kamati ya miundombinu. Anaingia kwenye vikao na futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni. Miaka minne nimemsikia akizungumzia mifereji, mabomba na vifuniko vya mashimo. Sijamsikia hata mara moja akitaja dhana. Nitamshinda nimelala.

Naandika kwenye daftari la zamani la kazi lililobaki tupu. Haidhuru. Nikishinda nitanunua lenye jalada la ngozi.

Jumanne, 5 Machi

Historia ya mgombea. Nimeanza: "Nilizaliwa nikiwa na maswali." Mke wangu akasoma juu ya bega langu, akauliza ile miaka kumi na tisa ya kusoma mita za maji nimeiweka wapi. Nikamwambia sijaiweka. Akauliza kwa nini. Nikamwambia meya hatoki nyuma ya majiko ya watu.

Akanuna. Akasema, Baba Pacha, hakuna mlango katika mji huu ambao hujaugonga. Akasema hata udiwani nilipewa kwa sababu ya milango hiyo.

Si kweli! Udiwani nilipewa kwa hotuba yangu juu ya dola za kale na asili ya uraia. Dakika hamsini na tano. Watu walisimama. (Mke wangu anadai hapakuwa na viti.)

Tatizo ni lile jina. Nikitoka nje tu: "Mita! Habari za asubuhi, Mita!" "Mita, mbona umepotea?" Nimesoma vitabu mia nne, kamusi nimeimaliza mara mbili, nimewajibu wahariri wa magazeti hadi wakaacha kuchapisha barua zangu, na bado naitwa kama kifaa. Jina langu la kwenye cheti wanalijua watu watatu: mimi, mke wangu na karani wa benki.

Kwenye kisanduku cha kazi nimeandika: Mwanafikra.

Vipaumbele:
1. Kurejesha heshima ya fikra mjini.
2. Kusimamisha sanamu ya mtu anayetafakari, mbele ya ofisi za manispaa.
3.

Cha tatu kitakuja.

Jumatano, 6 Machi

Karatasi ya kura itakuwa na jina la cheti, kazi na picha. Picha lazima iwe ya kiongozi. Nimekwenda kwa kinyozi, nikamwambia anyoe masharubu.

Akaweka wembe chini. Akasema mzee, haya masharubu yanajulikana kuliko mnara wa saa. Akasema mtoto wake alijifunza kusema "Mita" kabla ya kusema "baba", kwa kuyaona tu yakipita dirishani. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo hoja yangu. Akanyoa kama mtu anayekata mti wa jirani.

Kisha kwa mpiga picha. Nimeazima miwani ya mama mkwe. Nikaweka mkono kidevuni, vidole vikapanda hadi shavuni, macho nikayaelekeza dirishani. Mpiga picha akalalamika kwamba uso hauonekani. Nikamwambia wanaotafakari hawaonekani, wanahisiwa.

Picha imetoka nzuri sana! Nimemwonyesha mke wangu. Ameuliza huyu ni nani.

Leo wakati wa kuoga nilikipata kipaumbele cha tatu. Kikaja kizima kizima, na maneno yake. Maji yakakatika nikiwa na sabuni machoni, nikakisahau.

Alhamisi, 7 Machi

Nahitaji Ofisi ya Mkakati. Stoo inafaa, ila imejaa madaftari yangu ya kazini. Arobaini na moja. Fomu za idara zilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha tarakimu, kwa hiyo kila msoma mita alikuwa na daftari lake la kuandika yale ambayo kisanduku hakikuyataka: mbwa yuko wapi, bomba gani linalia, nani amehama. Wenzangu waliandika mstari mmoja kwa wiki. Mimi niliandika kurasa. Ujana! Idara ilipoleta mita zinazojisoma zenyewe, nilirudi nyumbani na madaftari na saa ya ukutani.

Nimemwita shemeji, mdogo wake mke wangu, mkuu wa kampeni yangu. Kijana wa miaka thelathini na minane, anakubali kila kitu, hana swali hata moja. Nimemwagiza mambo mawili. Kwanza: madaftari yaondoke, yaende mahali ambapo hayatasomwa. Pili: mashati arobaini ya kampeni yashonwe, kwa fundi bora kabisa.

Akasema shemeji wangu, ondoa shaka, yote mawili ni njia moja.

Sikuelewa. Ila nilipenda ile kasi.

Mke wangu alisimama mlangoni akiangalia mkokoteni ukiondoka. Akasema alikuwa ananisomea mwenyewe kurasa za haya madaftari, nilipokuwa na homa, na nilikuwa nacheka. Nikamwambia homa ni homa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudisha fomu saa nane na dakika hamsini na nane. Karani akafika ukurasa wa pili, akagusa nafasi ya cha tatu kwa kalamu. Iko wazi. Nikamwambia sheria inasema vipaumbele vitatu viandikwe, haisemi vyote viwe vimejulikana. Akaniangalia. Akaangalia saa. Nikaandika: "Kinatafakariwa." Akagonga mhuri.

Ushindi wa kwanza!

Akauliza, huku akikusanya karatasi zake, kama namfahamu yule Mita aliyekuwa akisoma maji kwao. Alikuwa na masharubu. Anasikia huenda anagombea, na mama yake anataka kumpa kura. Nikamwambia simfahamu. Akasikitika.

Watu wa ajabu.

Jumapili, 10 Machi

Mashati yamekuja. Yamenikaa mimi na kila mfuasi kama tumezaliwa nayo. Nikamuuliza shemeji ni nani aliyeshona. Akasema si uliniambia fundi bora kabisa? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ni Fundi.

Fundi! Mpinzani wangu! Amenipima kola yangu mwenyewe kwa futi yake!

Nikauliza madaftari yalikwenda wapi. Akasema washonaji wanahitaji karatasi za kukatia mikato ya nguo, kwa hiyo alimpa yote. Akaongeza kwa furaha kwamba Fundi hakukata hata ukurasa. Mashati yetu ameyashona usiku; mchana ameketi nayo siku tatu, cherehani imefunikwa kwa kitambaa, wateja wanarudishwa.

Sijakaa sawa, Fundi mwenyewe yuko mlangoni. Daftari namba kumi na saba kwapani, futi shingoni. Akakataa kuketi. Akasema, kaka, nimesoma, na humu kuna mambo ambayo kamati yangu imelipia wataalamu miaka minne isiyapate. Akasema angependa kuyatumia, lakini si kwa kuiba. Kama ni yako, sema, nami nitasimama hadharani niseme ni yako.

Nikautambua mtego mara moja. Anataka nikiri! Kesho yake magazeti: Mwanafikra alikuwa msoma mita! Nikamwambia sijayaona maishani. Akasema, basi kaka, niandikie hivyo, ili nisije nikakukosea.

Nikaandika. Kwa furaha. "Mimi, diwani wa kata hii, sijawahi kuyaandika, kuyamiliki, kuyashika wala kuyaona madaftari tajwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia apendavyo." Saini. Mhuri wa diwani. Mhuri mara mbili.

Fundi akaisoma barua. Kisha akafungua daftari, akaiweka barua juu ya ukurasa, akaangalia huku, akaangalia kule. Huku, kule. Akasema mwandiko mzuri sana. Akaaga.

Mke wangu alikuwa amekaa jikoni, mikono mapajani. Nikamwambia nimemweza. Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka, tone kwa tone, na yeye alikuwa akilitazama kama televisheni.

Jumatano, 13 Machi

Jambo la kutatanisha.

Nimetoka kubandika mabango, nikakuta mafundi bomba wa manispaa wanachimba nyuma ya kiwanda cha zamani cha unga. Sururu, koleo, kelele. Wamejaribu hapa, wamejaribu pale, lami imejaa matundu. Fundi yuko kando, daftari namba kumi na saba limefunguliwa. Anawasomea: hatua saba kutoka kwenye nguzo ya taa, maji yanasikika chini ya lami asubuhi kabla watu hawajaamka, yaliripotiwa mara sita, hakuna aliyekuja.

Sikuweza kuvumilia. Nikawaambia ni hatua tisa! Si saba! Ile si saba, ni tisa, kichwa chake hakikufungwa vizuri! Na hatua za mtu mrefu, si za huyo mfupi!

Msimamizi wao akauliza mzee umejuaje. Nikamwambia mwanafikra hujua mambo mengi.

Wakapima upya, nikitembea mwenyewe kuwaonyesha urefu wa hatua. Sururu ya tatu, maji yakaruka hadi kwenye bango langu. Bomba kuukuu limepasuka unene wa kidole gumba. Msimamizi akavua kofia. Akasema miaka kumi na moja maji ya mtaa mzima yamekuwa yakinywewa na mchanga.

Jioni maji yalitoka nyumbani kwa nguvu hadi yakamlowesha mke wangu. Alicheka peke yake jikoni, mlango umefungwa. Nikamuuliza kuna nini cha kuchekesha. Akasema, Baba Pacha, bado kuna siku nne.

Siku nne za nini? Sielewi. Nimerudi kwenye kipaumbele cha tatu. Nimefikiria lugha. Nimefikiria saa za kutafakari za lazima kwa watumishi wote. Hakuna kinachokaa.

Ijumaa, 15 Machi

Mdahalo! Ukumbi wa manispaa, umejaa hadi madirishani. Nilivaa shati langu (lazima nikiri, mabega yamekaa barabara) na miwani ya mama mkwe, ambayo inanifanya niwaone watu wote kama nimefungua macho chini ya maji.

Mwongozaji akaomba kila mmoja aeleze historia yake. Fundi akaeleza yake kwa dakika mbili: alishona sare za shule, akawaona watoto wanakuja kupimwa miguu ikiwa na tope hadi magotini, akaanza kuuliza kuhusu mifereji. Basi. Akaketi! Hata ukoo hakutaja.

Mimi nikaanza na maswali niliyozaliwa nayo. Nikapita kwenye dola za kale, nikafika kwenye uraia. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mita, tuambie ya mabomba!" Nikaendelea. Mwingine akasema huyo si Mita, Mita ana masharubu. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Kengele ikalia nikiwa bado karne za mwanzo.

Vipaumbele. Nilipofika cha tatu nikasema kinatafakariwa. Watu wakacheka. Nikawakaripia: mnacheka nini, mmezoea wagombea wanaojua kila kitu!

Kisha Fundi akasimama na madaftari mawili. Akasema yeye hana vipaumbele vyake, amevikuta humu. Akasoma. Mtaa kwa mtaa. Bomba hili, kifuniko kile. Nikasubiri wasinzie. Hakuna aliyesinzia! Mtu akisikia mtaa wake, anamgusa jirani. Wanapigia makofi kifuniko cha shimo!

Akafungua namba thelathini na mbili. Akasoma hivi, nakumbuka neno kwa neno, sijui kwa nini: "Nyumba ya kijani, mwisho wa kichochoro. Bibi anaishi peke yake. Ubao uliofunika shimo la mita umeoza, siku moja ataanguka. Nimeripoti mara nne. Leo nimeleta ubao wa nyumbani kwangu."

Bibi mmoja akasimama, mstari wa tatu, kwa fimbo. Akasema nyumba ya kijani ni yake. Akasema ubao ule upo mpaka leo, na umechongwa kutoka mlango wa kabati, bado una kishikio. Akasema yule kijana hakumwambia jina lake, na yeye hajawahi kumshukuru. Fundi akasema hawezi kumtaja aliyeandika, kwa sababu mwenyewe ameomba asitajwe, na amemwahidi. Akasema akishinda, mtu huyo ndiye atakayeisimamia idara ya maji, siku atakapokuwa tayari.

Hapo ukumbi mzima ukanigeukia mimi. Wote! Sijui walikuwa wanatafuta nini. Nikaangalia nyuma yangu. Kulikuwa na ukuta.

Bibi akasogea hadi mbele ya jukwaa. Akaniangalia usoni muda mrefu, palipokuwa na masharubu. Akauliza taratibu, si wewe, mwanangu?

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Vumbi, nadhani. Mke wangu alikuwa mstari wa kwanza, ameinama mbele kama mtu anayemsaidia mwingine kunyanyua gunia. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Kwa ile miwani sikuweza kusoma.

Nikasema: "Mama, mimi ni mwanafikra."

Akatikisa kichwa. Akasema samahani baba, nimekufananisha. Akarudi kuketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini hakuna aliyezomea. Kimya kile, nadhani, ndicho watu hukiita heshima. Fundi alikuwa na barua yangu mkononi, yenye mihuri miwili. Hakuisoma. Aliikunja, akaitia mfukoni. Ameogopa!

Tulipofika nyumbani mke wangu aliangalia kabati la jikoni, lile lenye mlango mmoja, akaufunga na kuufungua mlango wake huo huo mmoja, mara kadhaa.

Jumapili, 17 Machi

Nimepiga kura. Picha yangu inapendeza kuliko zote mbili. Nyuma yangu kwenye foleni mzee mmoja alimuuliza mwenzake Mita yuko wapi kwenye hii karatasi, haoni. Mwenzake akamjibu hayupo, amekataa mwenyewe Ijumaa, wamesimamisha mwenye miwani. Mzee akasema, basi yeye atamwandika kwa kalamu.

Uelewa wa kiraia uko chini sana katika mji huu. Kama ningekuwa nacho kipaumbele cha tatu, kingekuwa hicho.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeshindwa.

Fundi: 5,214. Mimi: 3,402. Karatasi zilizoharibika: 2,066.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa na la kuongeza. Akasema katika miaka yake yote hajaona kitu kama hiki: katika karatasi zilizoharibika, 1,911 zimeandikwa neno moja kwa mkono, juu ya picha zote mbili. Neno lenyewe: Mita.

Ukumbi ukaguna. Mimi nikaruka juu. Nikadai maelezo! Ni nani huyu mtu? Amepata wapi kura 1,911 bila fomu, bila picha, bila kipaumbele hata kimoja? Msimamizi akamtazama Fundi. Fundi akasema polepole, kaka, ile idara bado haina mtu. Nikamwambia sihitaji hisani ya washonaji.

Nyumbani mke wangu alichukua kalamu, akaandika 3,402, chini yake 1,911, akajumlisha: 5,313. Akanisogezea karatasi. Akasema tazama, Baba Pacha. Inamzidi Fundi kwa tisini na tisa. Nikaitazama. Nikahakikisha. Hesabu ni sahihi.

Ndipo nikaona ukubwa wa uovu. Huyo Mita amenipokonya umeya!

Mke wangu akafunika uso kwa viganja. Nikampa pole, nikamwambia hata mimi inaniuma. Akasema kupitia vidole kwamba katika zile karatasi 1,911, moja anaujua mwandiko wake. Nikamwambia ajitayarishe kuwa shahidi.

Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama nitakwenda kesho kuonana na Fundi. Akasema masharubu yataota. Nikamwambia nina kazi. Nimechukua fomu ya malalamiko ya uchaguzi. Kurasa mbili. Wa kwanza: historia ya mlalamikaji. Nimeshaanza: "Nilizaliwa nikiwa na maswali." Na baada ya malalamiko, ubunge. Meya ni cheo kidogo, anazungukwa na mifereji.

Na leo, ghafla, bila hata kuoga, kimenijia. Kizima. Nakiandika hapa kabla hakijapotea:

3. Kumsaka huyo Mita popote alipo, na kumfikisha mbele ya sheria.

Daftari limejaa. La ngozi nitalinunua kesho. Hili nimempa shemeji alitupe. Akasema niondoe shaka, anajua pa kulipeleka. Nikamkazia: safari hii, kwa mtu asiyejua kusoma.